Msikipake Rangi Kinu cha Maji, Kirudisheni Kazini

Nikisema vinu vya maji vya zamani vifufuliwe, najua picha inayowajia wakubwa wetu kichwani. Ukuta wa mawe, lango, rangi nyeupe, kibao chenye jina la aliyefungua rasmi, na benchi mbili za watu kukalia wakipiga selfi. Gurudumu limesimama, limepakwa vanishi, na kuna kamba ya kuzuia watoto wasiliguse. Asante, lakini hapana. Kinu kisichosaga ni maiti, na maiti haipakwi rangi. Mimi nataka kinu kinachotoa unga, chenye kelele, chenye vumbi, na mama aliyekasirika kwa sababu mtu amempita kwenye laini.

Wewe uliyezaliwa Kondele au Nyalenda ukajua unga ni ule wa paketi, wacha nikueleze kwanza tunaongea kuhusu nini.

Mtu alitafuta mto wenye mteremko. Juu kidogo ya mahali alipotaka kujenga, aliziba sehemu ya mto kwa mawe na udongo, kisha akachimba mfereji unaofuata ubavu wa kilima, ukishuka polepole kuliko mto wenyewe. Ukifuata huo mfereji, baada ya muda wewe uko juu na mto uko chini kabisa, na hiyo tofauti ndiyo mali yote. Maji yanaangushwa juu ya gurudumu lenye vibeba maji kama ndoo ndogo ndogo. Uzito wa maji unazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha mhimili, na mhimili, kwa meno ya chuma au kwa mkanda, unazungusha jiwe. Mawe ni mawili. La chini halisogei. La juu linazunguka, na katikati lina tundu ambamo nafaka inadondoka kidogo kidogo. Nyuso za hayo mawe zimechongwa mistari inayokata punje na kusukuma unga hadi pembeni. Ukitaka kusimamisha mashine unafunga kilango cha mfereji, basi. Hakuna dizeli, hakuna tokeni.

Na mistari ile inaisha. Baada ya muda jiwe linakuwa laini, linaponda badala ya kukata, unga unatoka na joto na ladha ya kuungua. Inabidi jiwe la juu liinuliwe, ligeuzwe, na fundi akae nalo kwa patasi na nyundo kulichonga upya. Kumbukeni huyo fundi, nitamrudia.

Sasa, usikuje kutafuta kinu cha maji hapa Kisumu mjini au kule Ahero. Uwanda wa Kano ni tambarare, na mto wa tambarare hauangushi kitu, unafurika tu, hilo tunalijua kila mvua ndefu. Vinu vilikuwa juu: kwenye mito inayoteremka kutoka Nandi, Maragoli, Kaimosi, Bonde la Yala, na ng'ambo ile nyingine kwenye vilima vya Kisii. Lakini yote hayo yalikuwa habari ya Kisumu. Kabla ya uhuru, kuanzia Bungoma hadi Kisii ulikuwa mkoa mmoja wa Nyanza, na makao yake makuu yalikuwa hapa. Chuma kilikuja kwa reli hadi hapa, na nafaka ilishuka hadi hapa. Hata jina la mji, wazee husema limetoka kwa kisuma, safari ya kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine wakati kwako kumekauka. Mji umeitwa kwa sababu ya nafaka halafu watu wake hawajui ilikuwa inasagwaje. Si ni ajabu?

Reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu, mwaka 1901. Mwaka uliofuata Wamarekani watatu wa Kanisa la Friends, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walishuka hapa wakapanda vilima hadi Kaimosi. Misheni yao ilikuwa na neno "viwanda" ndani ya jina lake, na hawakuwa wanatania. Pale Kaimosi kulikuwa na msitu na mto Goli Goli wenye maporomoko, na maji hayo wakayafunga kazi ya kupasua mbao, kisha kusaga. Hiyo sehemu ya hadithi ndiyo huwa inasimuliwa, kwa sababu ina wazungu, na wazungu waliandika barua nyumbani.

Sehemu isiyosimuliwa ndiyo mimi naipenda.

Kabla ya hapo unga ulitoka kwa magoti ya mwanamke. Jiwe kubwa lililolala, Wajaluo huliita pong', na jiwe dogo mikononi, anasukuma, anarudisha, anasukuma, anarudisha. Mtama na wimbi. Punje ndogo. Halafu serikali ya kikoloni ikaanza kusukuma mahindi. John Ainsworth alipokuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, kuanzia mwaka 1907, alihimiza mazao ya kuuza kwa nguvu zote, mahindi yakiwa mbele. Sasa jaribu kusaga mahindi makavu ya familia ya watu kumi kwa pong'. Punje ni kubwa, ni ngumu, na ugali unaliwa kila siku. Mzigo wa hiyo sera ulitua mgongoni mwa mama, na hakuna afisa aliyeuandika kwenye ripoti kama gharama.

Kwa hivyo watu walipoona jiwe la Kaimosi likizungushwa na mto, hawakuona muujiza wa mzungu. Waliona mgongo wa mama ukipumzika, na wakaona biashara. Kufikia miaka ya 1920 na 1930, Waafrika wa huku juu walikuwa wanajenga vinu vyao wenyewe. Wengine walikuwa mafundi waliofunzwa misheni. Wengine walikuwa machifu na walimu wenye mshahara. Wengine walichanga kama ndugu au marafiki, kila mtu na hisa yake. Walipima mteremko, walichimba mifereji kwa majembe, walinunua chuma na kukibebesha watu juu ya vilima. Dhahabu ya Kakamega ilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1930 na maelfu ya vibarua wakahitaji posho, unga ukawa pesa taslimu. Hiki kilikuwa kiwanda cha Mwafrika, kijijini, wakati ambapo sheria nyingi ziliandikwa zikimchukulia kama mkono wa kuajiriwa tu na basi.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "achana na hivyo vitu, ni vya wakoloni," damu inachemka. Kwani mkoloni ndiye alichimba ule mfereji? Unajua kupeleka maji kwenye ubavu wa kilima bila kipimo cha kisasa, yasisimame na yasikimbie yakabomoa udongo, inataka akili ya aina gani? Babu yako alikuwa mhandisi na mwekezaji, na wewe unamnyang'anya cheo unampa mmisionari. Halafu unaingia mtandaoni kulalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wazungu. Haya.

Lakini pia sitawapendezesha wale wa upande wa pili, wanaopenda zamani kwa sababu hawakuishi zamani. Vinu vya maji havikuuawa na njama. Viliachwa, na walioviacha ni wanawake, na walikuwa na sababu. Kinu cha maji kiko mahali mto ulipo, na mto uko bondeni. Mama alishuka kilima na debe la mahindi kichwani, akangoja foleni, akapanda kilima na debe la unga. Msimu wa kiangazi maji yakipungua, jiwe linazunguka kwa uvivu na foleni inalala hapo. Baada ya Vita vya Pili zikaja injini za dizeli, zile za tuk-tuk-tuk unazisikia kutoka kijiji cha pili. Injini haijali mto uko wapi. Unaiweka sokoni, kando ya barabara, karibu na duka la chumvi na sabuni. Mama akapiga hesabu yake, akahama. Mtu yeyote anayekuja na mradi wa kufufua kinu bila kujibu hesabu ya huyo mama anajenga sanamu.

Hesabu nyingine ni ya nguvu. Lita 100 za maji kwa sekunde zikianguka mita 3 zinabeba karibu kilowati 3, na zikishapita kwenye gurudumu, mhimili na mkanda, labda zitabaki 2, au chini ya hapo. Mota ya kisiagi cha kawaida cha sokoni ni mara kadhaa ya hiyo. Kwa hivyo kinu cha maji ni cha polepole, na kitabaki cha polepole. Hakitalisha Kibuye siku ya Jumapili. Asikudanganye mtu na maneno ya "nishati ya siku zijazo" kwenye bango.

Kwa nini basi nakipigania?

Kwanza, kwa sababu mashine inayotembea inafundisha, na iliyosimama inapendeza tu. Mtoto wa darasa la saba akifungua kile kilango mwenyewe, akasikia jiwe likianza kunguruma chini ya miguu yake, ameelewa fizikia ya mwaka mzima. Mtaala wetu mpya umejaa maneno ya umilisi na vitendo, halafu vitendo vyenyewe ni kuchora gurudumu kwenye manila na kulipaka rangi. Huko juu kuna gurudumu la kweli lilizunguka.

Pili, stima. Ile Ijumaa usiku ya Agosti 2023 nchi karibu yote ilipolala gizani hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, visiagi vya stima vililala pia, na havikuamka mapema. Dizeli nayo, tusiongee. Sisemi kila kijiji kirudi mtoni. Nasema mahali ambapo barabara sasa inapita karibu na maporomoko, na ziko sehemu nyingi Vihiga na Kisii ambapo lami imefuata bonde, ile hesabu ya mama imebadilika. Boda boda inashuka hadi hapo. Na wimbi na mtama, ambazo watu wa mjini sasa wanazitafuta kwa ajili ya uji wa mtoto na wa mgonjwa wa sukari, hazihitaji kasi. Jiwe la polepole haliunguzi unga. Gorogoro moja ya wimbi iliyosagwa kwa jiwe inaweza kuuzwa kwa bei ambayo kisiagi cha sokoni hakiwezi kuiomba.

Na tena si lazima maji yaleyale yasage tu. Kule Mbuiru, upande wa Mlima Kenya, kaya kama 200 zilijenga mradi wa Tungu Kabiri mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilowati 18 kutoka kwa mto, wakisaidiwa na Wizara ya Nishati na shirika ambalo sasa linaitwa Practical Action. Walichimba wenyewe. Nguvu ile ilipelekwa kwenye biashara ndogo ndogo za kijiji. Nepal nako wana vinu vya maji vya jadi, wanaviita ghatta, maelfu yao. Hawakuvizungushia kamba. Walibadilisha lile gurudumu la mbao wakaweka la chuma lenye vikombe vilivyokunjwa vizuri, kinu kikasaga haraka zaidi kwa maji yaleyale, na wengine wakakiongezea kazi ya kukoboa mpunga au kuwasha taa. Huko ndiko kufufua.

Hata hapa kwetu tunao mfano, ila hatuutambui. Maporomoko ya Gogo, mto Kuja, kule Migori. Mitambo ile ya megawati 2 ilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Mgodi ukafa miaka ya 1960. Maji yakaendelea kutoa stima miaka na miaka baada ya mgodi kufungwa, bila rangi, bila benchi la selfi. Na MV Uhuru je? Meli ya mwaka 1966 ilikaa hapo bandarini Kisumu ikiota kutu zaidi ya miaka kumi, kila mtu akisema imekwisha. Mwaka 2019 ikarudi majini, na kazi yake ikawa kubeba mafuta kupeleka Uganda. Hakuna aliyependekeza iwe mkahawa wa samaki. Sawa, labda mmoja alipendekeza, sisi tunajuana. Lakini ilirudishwa kazini, na ndiyo sababu leo mtoto wa Kisumu anaijua.

Sasa tuje kwa lile jambo ambalo hakuna mwanasiasa atalisema jukwaani, kwa sababu lina kura ndani yake. Huwezi kufufua kinu cha maji bila kufufua maji.

Pita kando ya vijito vya Vihiga au Kisii uangalie nini kimesimama pale kwenye kingo. Mikaratusi. Mistari na mistari ya mikaratusi, miguu ndani ya maji. Mti unakua haraka, nguzo inauzwa, ada ya shule inalipwa, naelewa kabisa. Lakini ule mti unakunywa, na mto mdogo hauna cha kumwaga. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito. Nendeni mkaone kama iling'oka. Sheria ya Maji ya 2016 imetupa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na jumuiya za watumiaji wa maji kwa kila mto, zenye kazi ya kulinda kingo. Kwa hivyo tukisema bajeti ya kinu, mstari wa kwanza kwenye hiyo bajeti uwe miche ya miti ya kienyeji na fidia ya mwenye mikaratusi, kabla ya saruji hata mfuko mmoja. Mradi unaoanza na saruji, ujue kuna mtu anauza saruji.

Na usiniambie kinu cha maji kinaharibu mto. Maji yanayopita kwenye gurudumu yanarudi mtoni mita chache chini, yote, safi kama yalivyoingia. Kinachonyang'anya mto ni mabomba, mikaratusi na mchanga unaozolewa usiku kwa lori.

Haraka yangu inatoka wapi? Mambo mawili. Chuma na watu.

Kinu kikifa, chuma ndicho huondoka kwanza. Mhimili, meno, bamba la gurudumu, vyote ni kilo kwa mtu wa vyuma kuukuu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima kwa sababu nguzo za stima zilikuwa zinakatwa, na kufikia Mei ikafunguliwa tena. Nguzo zilipata mtetezi. Gurudumu la kinu halikuwa hata kwenye mazungumzo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu mahali kama hapo patangazwe na kulindwa, na kaunti zimepewa utamaduni na katiba ya 2010. Thimlich Ohinga ilitangazwa mwaka 1981, ikaingia orodha ya UNESCO mwaka 2018, na ni mawe yaliyopangwa bila saruji na watu wetu. Mfereji uliochimbwa kwa jembe na watu wetu unakosa nini?

Watu ndio wanaoniuma zaidi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 kwenye kinu mwaka 1960 sasa yuko zaidi ya miaka 80. Yule fundi niliyesema mumkumbuke, anayejua jiwe lichongwe mistari ya kina gani, liachane na mwenzake nafasi gani, anayesikia kwa sikio kwamba jiwe limekosa nafaka na linajila lenyewe, akiondoka hakuna video mtandaoni itakayomrudisha. Waholanzi mwaka 2017 waliandikisha UNESCO ufundi wa kuendesha vinu vya upepo na vya maji. Soma tena: ufundi, wala si majengo. Walielewa kwamba kinu bila mtu wa kukiendesha ni kuni na chuma. Sisi wazee wetu tunawapigia simu wakati wa kuchanga matanga.

Kwa hivyo ninachotaka hakihitaji tamasha. Kaunti za Kisumu, Vihiga, Kakamega, Kisii na Nyamira ziko kwenye jumuiya moja ya kiuchumi ya kanda ya ziwa, na wanakutana hotelini mara kwa mara. Wachague mto mmoja. Mmoja tu, wenye barabara karibu na mfereji wa zamani ambao bado unaonekana. Mwenye ardhi awe na hisa, kwa maandishi, kwa sababu kile kipande cha mto kina familia na hiyo familia ina jina. Kikundi cha akina mama wa pale wakiendeshe na wapange bei wenyewe. Fundi mzee alipwe mshahara, narudia, mshahara, sio kofia na fulana, awafunze vijana wawili au watatu kuchonga jiwe. Chuo cha ufundi kilicho karibu kitengeneze gurudumu, na likivunjika wanafunzi walewale walirekebishe. Kisikabidhiwe mwanakandarasi kutoka mbali anayekuja na gurudumu la plastiki la mapambo.

Na wakati wakubwa wanakutana hotelini, wewe unayesoma hii ukiwa ushago Krismasi, fanya hivi. Uliza dani, guku, au kuka, vyovyote mnavyomwita kwenu: walikuwa wanasaga wapi kabla ya kisiagi cha sokoni? Kinu kilikuwa cha nani? Akikuonyesha upande wa mto, shuka naye kama magoti yanaruhusu. Tafuta mfereji kwanza, si jiwe. Jiwe huenda limekuwa ngazi ya jikoni kwa mtu, lakini mfereji hauhamishwi, utauona kama mstari wa nyasi mbichi kwenye ubavu wa kilima. Piga picha, rekodi sauti yake akitaja majina ya waliochimba. Yote, hata ya wale waliogombana. Nitumie, na nitayaweka hapa kama alivyoyataja.